Jagi la Balungi

Baba alianguka mara ya kwanza akiwa ameshiba, na hilo ndilo lililonitisha. Angeanguka alasiri, jua likiwa kali na tumbo tupu, ningesema ni saumu. Ningemfuta uso kwa kitambaa cha maji, nikamlaza kwenye mkeka na kuendelea na mapishi yangu. Lakini siku hiyo alishinda mzima. Alisoma juzuu yake, akagombana na redio, akafungua saumu, akaswali magharibi, akala vizuri. Alipoinuka kwenda kunawa mikono ndipo magoti yalipomwishia nguvu. Alikwenda chini polepole akishikilia pazia la mlango, na pazia likashuka naye.

"Si kitu," akasema, pazia limemfunika bega. "Kitwa chanizunguka tu. Nipa mkono."

Mkono wake ulikuwa baridi, umelowa jasho. Mimi sihitaji zaidi ya hapo. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, nikiuliza kama watu wote wako salama. Simu ikilia alfajiri huanza kutetemeka kabla sijajua ni nani. Kwa hiyo Baba alipokuwa bado yuko chini akipapasa kutafuta kofia yake, mimi nilikwisha kumzika kichwani mwangu, nilikwisha kupokea watu wa matangani, na nilikuwa nimefika pale ambapo ndugu zangu wanagombania nyumba.

Nyumba yenyewe iko Mtopanga, na tulikuwa tumebaki wawili ndani yake, Baba na mimi. Ndugu zangu wametawanyika, kila mmoja na maisha yake. Mimi nilirudi baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikaweka cherehani yangu sebuleni, na kazi yangu kubwa, ukiacha kushona, ikawa kumtazama Baba.

Ana presha ya miaka mingi. Kidonge chake cha zamani kilimpa kikohozi kikavu kisichokwisha, akawa akikohoa katikati ya sala mpaka imamu mwenyewe akamwulizia hali. Mwezi wa Shaabani daktari akambadilishia. Hiki kipya kilimkaa vizuri. Kikohozi kilikoma, presha ikatulia, nami nikaanza kupata usingizi. Ramadhani ilipoingia, daktari akasema kidonge kisimezwe tena asubuhi, kimezwe magharibi baada ya kufungua. Tukafanya hivyo, na Baba akaanza kuanguka.

Hakuanguka kila siku, na hilo lilinitesa zaidi kuliko kama angeanguka kila siku. Siku nyingine alipauka tu, akaegemea ukuta na kunyamaza. Siku nyingine hakuna kilichotokea, nikamshukuru Mungu mapema mno. Nikawa sili. Naketi mbele yake na sahani yangu, namhesabia matonge, natazama midomo yake kama inabadilika rangi. Akienda kuoga nasimama nje ya mlango nasikiliza maji. Maji yakinyamaza nabisha.

"Hata chooni waniandama?" alifoka siku moja kutoka ndani. "Mtu hana faragha na bintiye?"

Nilimpeleka kliniki, ile iliyo kwenye njia ya Bombolulu, kwa yule daktari wake wa kila siku. Ni mwanamke kijana, mtu wa bara, mpole, mwenye mazoea ya kuandika huku anakusikiliza. Alimpima Baba amelala, akampima amekaa, akampima amesimama. Alimsikiliza moyo muda mrefu, na kila alipohamisha kile chombo chake kifuani mwa Baba, moyo wangu mimi ndio uliosimama. Mwisho akasema hapo mchana haoni tatizo. Huenda ni moyo, huenda ni mishipa ya kichwa, huenda ni dawa. Alitaka kujua presha inafanya nini jioni, sisi tukiwa nyumbani na yeye hayupo.

"Na mpaka tujue, mzee wangu," akasema, "ningeomba usifunge."

Baba alimtazama kama mtu aliyetukanwa kwa adabu.

"Daktari, mimi n'lianza kufunga sijang'oka meno ya utoto. Leo ndio wanambia nile mtana?"

"Mungu mwenyewe amemruhusu mgonjwa ale, Baba," nikaingilia.

"Mgonjwa ni nani?"

Nilijua hatakula. Nilimjua vizuri. Angefunga, angeanguka, na siku moja angeangukia kichwa kwenye kile kizingiti cha saruji cha bafuni, na haya yote tuliyokuwa tukizungumza yangekuwa hayana maana. Daktari naye alimjua, maana hakubishana. Alifungua kabati akatoa mashine.

Ilikuwa ni ule mkanda wa kupimia presha, wa kufungwa mkononi, lakini ulikuwa na mrija ulioingia kwenye kijisanduku cha kuvaliwa kiunoni. Baba angekaa nayo usiku na mchana mpaka kesho yake. Kila baada ya muda ingejaa upepo yenyewe, imbane mkono, ipime na kuweka kumbukumbu. Sharti lilikuwa moja: ikianza kubana, anyooshe mkono na asitikisike.

Baba, ambaye hasikii la mtu, alilishika sharti hilo kama amri ya msikitini. Mashine ilipolia njiani alisimama katikati ya barabara, mkono umenyooka, boda boda zikimpigia honi, na mimi nikilia kwa hofu kando yake. Na adhana ya magharibi ilipotoka, ameshasoma dua, tende iko karibu na mdomo, mashine ikalia. Baba akaganda vilevile. Mdomo wazi, tende hewani, macho yananitazama mimi. Ningecheka kama nisingekuwa naogopa.

Kisha akafungua saumu, akameza kidonge kwa maji, akaswali, akaja kula. Jioni hiyo hakuanguka, lakini alipauka. Alinywa juisi yake, akaegemea ukuta, na mashine ikambana tena na tena, na mimi nikawaza kwamba ndani ya kile kijisanduku kumeandikwa mauti ya baba yangu na siwezi kuyasoma.

Lazima niseme kuhusu sahani, maana bila sahani hakuna habari.

Jirani yetu wa ukutani ni mama mmoja Mgiriama, mjane, mtu wa kanisa, anayeuza mboga hapo njia panda. Tangu marehemu mama yangu yuko hai, kila Ramadhani hupelekewa sahani ya futari kabla ya adhana. Na sahani kwetu hairudi tupu. Mtu akikupa chakula, chombo unakirudisha na kitu ndani, hata kama ni ndimu mbili. Yeye nyuma ya nyumba ana mbalungi unaozaa bila kufuata msimu, na yalipoiva mabalungi aliyakamua, akatia sukari kidogo, akaleta jagi zima limefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono. Baba akilipenda jagi lile kuliko chochote nilichopika mimi. Alisema ule uchungu wake humsafisha kifua. Mwaka ule wa mashine mti ulizidi, na jagi lilikuja kila jioni.

Kesho yake tulirudi kliniki saa za alasiri kurudisha mashine. Sikwenda mikono mitupu, sivyo nilivyolelewa. Nilimfungia daktari futari: viazi vya nazi, mbaazi, kaimati chache. Na kwa kuwa juisi ya jana ilibaki kwenye friji, nikamtilia chupa yake.

Daktari aliunganisha kijisanduku na kompyuta. Kwenye kioo ukatokea mstari wa kupanda na kushuka. Mchana kutwa ulikwenda vizuri. Kisha, baada ya magharibi, ukaporomoka, ukakaa chini mpaka usiku mkubwa.

"Hii si saumu," akasema. "Saumu ingemshusha mchana. Na mtu mzima akishiba, presha hushuka kidogo, lakini si hivi." Akageuka kwangu. "Niambie, mnafuturu nini?"

Nilimweleza, na nilimweleza kwa majivuno, maana jiko ni langu. Nikataja uji, nikataja viazi, mbaazi, samaki wa kupaka, mkate wa sinia. Nikamweleza na chumvi natia kiasi gani. Akauliza kidonge anakimeza na nini, Baba akajibu, "Maji," na ilikuwa kweli. Akauliza kama kuna dawa za miti shamba. Hakuna. Juisi haikunijia kabisa. Niliulizwa tunapika nini, na juisi hatukuipika sisi. Ilikuwa ni heshima ya jirani, imekuja kwa mlango, na mtu hahesabu heshima kwenye chakula.

Daktari akasugua macho. Akasema itabidi Baba aende Kisiwani, kwenye hospitali kubwa, kupigwa picha ya moyo. Aliposema "moyo" masikio yangu yaliziba. Nilimwona anaandika, nikamwona Baba anafunga vifungo vya kanzu, na kwa kukosa la kufanya nikaisogeza ile futari mezani, nikamwambia ajaribu hata kama hafungi. Alishukuru. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Akafungua chupa, akamimina kwenye kikombe, akanywa funda moja, akakunja uso.

"Hii ni nini?"

"Balungi," nikasema. "La jirani."

Akaweka kikombe chini.

"Na mzee anakunywa?"

"Kila siku," akajibu Baba kwa furaha. "Jagi zima hulimaliza mimi."

Nilimwona daktari akiegemea kiti, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akatueleza polepole, akiweka kidole tumboni mwake mwenyewe ili tuelewe. Kidonge kile, alisema, kikimezwa, sehemu kubwa haifiki kwenye damu. Utumbo wenyewe hukivunja njiani, na waliokitengeneza wanalijua hilo na wamepima kwa hesabu hiyo. Lakini ndani ya balungi kuna kitu kinachouzuia utumbo usifanye kazi yake. Basi mtu anameza kidonge kimoja, na mwili unapokea kama amemeza kadhaa. Hata akitenganisha, balungi leo na kidonge kesho, haisaidii, kwa sababu utumbo huchukua muda kurudi katika hali yake. Nilimwuliza nani aliyeyajua haya. Akacheka kidogo, akasema watafiti waliyajua kwa bahati tu. Walikuwa wakichunguza jambo jingine kabisa, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya kileo, wakashangaa kuona dawa imepanda kwenye damu za watu.

"Basi asinywe," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imepanda.

"Asinywe kabisa. Kidonge kinamfaa, sitaki kukibadilisha. Siku chache tu, halafu nimpime tena. Akitulia, afunge saumu yake."

Nje Baba alitembea mbele yangu. Nilidhani anafurahi. Mimi nilikuwa nataka kukumbatia watu wa njiani. Tulipofika karibu na nyumba akasimama.

"Usimwambie," akasema.

"Nani?"

"Jirani. Yule mama n'mtu mwema. Akisikia juisi yake ndiyo iliyoniangusha, ataiweka moyoni mpaka siku ya kufa kwake. Jagi likija, pokea, shukuru, funga mlango."

Nikakubali. Ningekubali lolote siku hiyo. Ikawa kila jioni napeleka sahani, napokea jagi kwa mikono miwili, nasema ahsante mamangu, Baba anakusalimu. Kisha naingia jikoni. Kulimwaga nilijaribu mara moja, nikaona maji ya njano yanatiririka kwenye mfereji unaopita mbele ya mlango wake, nikaingia ndani kama mwizi. Basi nikawa nalinywa mimi, baada ya kufungua. Silipendi balungi. Nalinywa nimesimama, nimeziba pua, na tumbo likinguruma hadi daku.

Na Baba akatulia. Akawa anainuka, ananawa mikono, anarudi na kelele zake. Pazia nililirudisha mahali pake. Daktari akampima akasema afunge. Mtu mwingine angelala usingizi wa pono. Mimi nilipata juma moja la amani, kisha jioni moja nilikuta jagi limewekwa ukutani, nikalichukua, nikaona jirani ameketi kwenye ngazi ya mlango wake, ameinamisha kichwa, anashika ukuta.

"Shikamoo, mamangu. Vipi?"

"Marahaba, mwanangu. Ni kizunguzungu tu. Kinakuja jioni kinaondoka." Akajaribu kucheka. "Uzee huu. Hata mimi sasa wamenitia kwenye presha. Kliniki ileile. Wamenipa vidonge kama vya mzee."

Nilihisi jagi linakuwa zito mikononi mwangu.

"Na juisi hii, mamangu, nawe unakunywa?"

"Nisinywe kwa nini? Nikiwakamulia nyinyi, namimina na glasi yangu. Ndiyo chajio changu."

Nilirudi ndani mbio, na nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hasira na mti, na hasira na adabu zetu zinazotufunga midomo, na zaidi ya yote nilikuwa na hasira na Baba, ambaye alikuwa ameketi kwenye mkeka wake na tende mbele yake, anangoja adhana kwa raha. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Nikamwambia tukinyamaza tena, yule mama ataanguka peke yake mle ndani, na hana binti wa kusimama nje ya mlango wa bafu.

Nilitegemea atabishana. Aliiweka tende chini. Dakika za adhana zilikuwa zimekaribia sana, na Baba hajapata kutoka nje wakati huo tangu nimjue. Akavaa viatu. Akaenda mwenyewe mpaka ukutani, akabisha hodi.

Nilisikia kila kitu kutoka dirishani. Alimweleza kuanguka kwake, na mashine, na utumbo, akachanganya mambo mengine lakini la muhimu akalisema sawasawa.

"Mulungu wangu," akasema yule mama. "Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe. Ni balungi."

"Nimekuwa nikikupa kila siku, mzee. Kila siku."

"Na mimi n'kinywa kila siku, na n'lipenda. Wewe usiinywe tena. Kesho nenda kwa daktari, mwambie."

Adhana ikatoka. Baba alifungua saumu yake pale pale ukutani kwa maji ya bomba la jirani, maana tende aliiacha nyumbani.

Kesho yake nilipeleka sahani kama kawaida. Aliipokea, hakunitazama usoni. Baada ya muda niliikuta juu ya ukuta, imeoshwa, imefutwa, imefunikwa kifudifudi. Ndani hamkuwa na kitu. Hata ndimu. Miaka yote ile, tangu siku za mama yangu, sahani ilikuwa haijarudi tupu, na nilisimama nayo mkononi nikahisi kama nimepokea habari ya msiba. Niliona alichokiona yeye. Aliogopa. Aliogopa kututilia kitu chochote, hata punje ya chumvi, asije akamuua mtu.

Nilimwonyesha Baba. Aliigeuza huku na huku. Sikuwahi kumwona ameumia vile, hata siku alipokuwa chini na pazia.

"Mpelekee tena," akasema.

"Na akirudisha tupu?"

"Mpelekee tena."

Nikapeleka, ikarudi tupu. Nikapeleka tena. Siku hiyo sahani haikurudi kabisa, na adhana ikakaribia, na mimi nikawa nachungulia dirishani nikiwaza kwamba sasa tumempoteza, tena hata si kwa ugonjwa. Ndipo nikasikia hodi mlangoni. Alikuwa amesimama na jagi, limefunikwa kitambaa chake kilekile cha kufuma.

Damu ilinikauka. Nikasema moyoni, hakuelewa, hakuelewa hata kidogo. Baba akaniwahi. Akapokea jagi kwa mikono miwili, akafunua.

Yalikuwa maji.

"Nimeyachemsha," akasema, anamtazama Baba kama mwanafunzi anayengoja kusahihishiwa. "Yamepoa kwenye mtungi. Nilimuuliza daktari kwanza. Amesema maji hayana ugomvi na kidonge."

Adhana ikatoka. Baba akala tende yake, akachukua kidonge, akamimina maji ya jirani glasi tele, akameza. Akanywa mpaka mwisho, akasukuma glasi ajazwe tena. Mama yule hakuondoka. Alisimama palepale mlangoni, amekunja mikono, amekodolea macho midomo ya Baba kama inabadilika rangi, na nikaijua hofu yake kama ninavyojua cherehani yangu. Nikamvutia kiti, nikavuta na changu, tukaketi wawili tukamtazama.